Ngumi za Nishiyama (Sehemu ya Tatu)

ILIPOISHIA: Umeme umekatika kwenye banda la gemu pale Kibimba. Ili madogo wasidai kurudishiwa pesa, Fundi ameanza kuwasimulia habari za Takashi Nishiyama, Mjapani aliyeongoza utengenezaji wa Street Fighter. Dogo mmoja haamini, ameweka jero mezani. SASA ENDELEA...

"Mnadhani ilianza na vitufe hivi?" Fundi aliinua pedi iliyozungushiwa selotepu. "Mwaka 1987 Capcom wanaitoa, kuna mashine zilikuwa na vitufe viwili tu vya mpira, vikubwa. Kimoja ngumi, kingine teke. Ukigonga taratibu, jamaa anapiga taratibu. Ukitwanga, naye anatwanga."

Akatwanga meza kuwaonyesha. Ile sarafu ya jero ikaruka, dogo akaidaka hewani.

"Si watu waliumia mikono, Fundi?"

"Waliumia. Ndiyo ikashika ile ya vitufe sita. Ngumi tatu, mateke matatu."

"Basi akatajirika huyo."

"Nani kakwambia? Akahama."

Madogo wakaangaliana. Fundi alijua amewapata, akavuta stuli. Nishiyama alikwenda SNK, kampuni nyingine ya hukohuko Osaka. Ryu na Ken, wale wapiganaji wa Street Fighter, hakuondoka nao. Shamba la mtu hata ulilime vipi, mavuno si yako. Mwaka 1991 Capcom wakatoa Street Fighter II, imetengenezwa na watu wengine kabisa, na dunia ikapagawa. Mwaka huohuo Nishiyama naye akaja na Fatal Fury. Mwaka 1994 SNK wakaachia The King of Fighters, watatu kwa watatu.

"Hii hii tunayocheza hapa?"

"Ukoo ndio huo."

"Kwa hiyo alikuwa anapigana na gemu yake mwenyewe!"

"Leta jero."

Dogo akaifunika sarafu kwa kiganja. "Bado. Hujasema nani alishinda."

(Mimi ningemlipa Fundi hapohapo, lakini dogo huyu amezaliwa na ubishi.)

Umeme ukarudi. Kitaa chekundu cha PS2 kikawaka, na kwa mara ya kwanza tangu banda lifunguliwe hakuna aliyegombania pedi.

"Mwaka 2000 akafungua kampuni yake, Dimps," Fundi aliendelea. "Mwaka uliofuata SNK ikafilisika. Capcom nao, tangu 1999 hawajatoa Street Fighter mpya ya kueleweka. Miaka ikapita. Siku wanataka kuifufua, kutengeneza ya nne, wanahitaji mkono wa kuwasaidia. Sasa sikilizeni walikwenda kugonga mlango wa nani..."

Mlango wa banda ukagongwa. Bati zima likatetemeka.

"Hodi! Fundi!"

Fundi akanyamaza. Sauti ile aliijua: dereva wa malori ya Rusumo.

"Fundi, najua umo. Nilikuachia PS yangu uitengeneze, ukasema siku mbili. Mvua zimeanza, zimeisha. Leo naambiwa huko barabarani kuna watoto wanailipia?"

Madogo wote wakaigeukia PS2, kisha wakamgeukia Fundi.

"Nyamazeni," Fundi alinong'ona. "Tusifungue."

Dogo wa jero akaitia sarafu yake mfukoni, akasimama, akashika komeo.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO