Dawa za kupunguza kolesteroli: gharama na faida

STATINI ni kundi la dawa zinazopunguza kolesteroli, aina ya mafuta ambayo yakizidi katika damu huziba mishipa na kusababisha mshtuko wa moyo au kiharusi. Ya kwanza, lovastatini, iliidhinishwa nchini Marekani mnamo 1987.

Mnamo 1995, utafiti uliofanywa Scotland miongoni mwa wanaume 6,595 ambao hawakuwa wamewahi kupatwa na mshtuko wa moyo ulibainisha kuwa pravastatini ilipunguza mishtuko hiyo na vifo vya maradhi ya moyo kwa takriban asilimia 31. Swali likawa: nani apewe dawa hizo kwa fedha za umma?

Tuseme dawa inapunguza hatari kwa robo. Kati ya watu 100 ambao 20 wangeugua katika miaka 10, itawanusuru watano. Kati ya 100 ambao wanane wangeugua, itawanusuru wawili pekee, ilhali wote 100 wanameza vidonge kila siku. Ndiposa bei ina uzito mkubwa katika uamuzi huo.

Mnamo 2006, taasisi ya NICE ya Uingereza ilipendekeza statini kwa wenye hatari ya asilimia 20 au zaidi. Hataza ya atorvastatini ilipomalizika na bei kushuka, kiwango hicho kiliteremshwa hadi asilimia 10 mnamo 2014. Tangu 2023, hata aliye chini ya kiwango hicho hanyimwi akizitaka baada ya kushauriana na daktari.