Sentensi ya Tatu

Vitabu vyetu vya biolojia hufupisha nadharia ya seli kwa sentensi tatu. Kila kiumbe hai kimeundwa kwa seli, iwe moja au nyingi. Seli ndiyo msingi wa umbo na kazi za kiumbe. Kila seli hutokana na seli nyingine. Nilizikariri sekondari, na sasa, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nazisikia zikikaririwa na wanafunzi ninaowasimamia maabara. Pembeni ya sentensi ya tatu huwa pana jina moja: Rudolf Virchow. Hilo jina ndilo linalonisumbua.

Hizo mbili za kwanza hazina ugomvi mkubwa. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kwa hadubini kipande chembamba cha gome linalotengenezewa vizibo, akaona vijumba vimepangana kama masega ya nyuki. Akaviita vyumba vidogo, na ndiyo asili ya “seli” yetu, neno lile lile la chumba cha mahabusu. Lakini alichoona zilikuwa kuta tu, wenyeji walishakufa. (Mimi naona “chembe hai”, jina letu la zamani, linafaa zaidi. Chembe ina kitu ndani.) Mwaka 1838 Matthias Schleiden akaeleza kwamba mimea imejengwa kwa seli, na mwaka uliofuata Theodor Schwann akasema hivyo hivyo kuhusu wanyama.

Tatizo lilikuwa moja: seli mpya hutoka wapi? Wajerumani hao wawili waliamini kwamba hujiunda zenyewe ndani ya ute, kiini kwanza, kisha utando ukakizunguka, karibu kama chumvi inavyoganda maji yanapokauka. Karibu kila mtu aliwaamini.

Robert Remak hakuwaamini. Alizaliwa mwaka 1815 katika familia ya Kiyahudi mjini Poznań, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Prussia, akahitimu udaktari Berlin mwaka 1838. Myahudi hakuruhusiwa kufundisha chuo kikuu asipobatizwa, na Remak alikataa kubatizwa. Akawa anatibu wagonjwa apate riziki, huku akifanya utafiti usiomlipa.

Mwaka 1841 aliripoti kwamba ameona chembe za damu za kiinitete cha kuku zikigawanyika. Alichagua vizuri: chembe nyekundu za kuku, tofauti na zetu, hubaki na kiini hata zikikomaa, hivyo mtu anaweza kukifuatilia. Lakini utando haukuonekana sawasawa, na bila utando wapinzani wangesema ni ute tu umekatika. Alihangaika kwa miaka na kemikali za kuugandisha. Hatimaye, katika mayai ya chura, aliuona waziwazi: utando unajikunja kuingia ndani na kulikata yai mara mbili, kisha mara nne, na kuendelea. Mwaka 1852 alichapisha hoja yake kwamba seli za mnyama hutokana na mgawanyiko wa seli zilizotangulia.

Virchow, ambaye awali aliikubali nadharia ya ute, alibadili msimamo. Mwaka 1855 akautangaza ukweli huo kwa maneno machache ya Kilatini, bila kumpa Remak haki yake. Kitabu chake cha 1858 kikaueneza.

Ingekuwa rahisi kumwita mwizi tukamaliza. Ila huyu ndiye Virchow aliyechunguza homa ya taifasi huko Silesia mwaka 1848 akailaumu serikali na umaskini, na ndiye aliyewafundisha madaktari kuutafuta ugonjwa ndani ya seli. Alipanua wazo hilo mno. Kwangu kosa kubwa zaidi ni la utaratibu uliompa mmoja jukwaa na kumwacha mwingine mlangoni.

Mlango wenyewe ulifunguka kidogo. Mwaka 1847, baada ya kumwandikia mfalme, Remak alikuwa Myahudi wa kwanza kuruhusiwa kufundisha Chuo Kikuu cha Berlin. Mwaka 1859 alipata uprofesa wa ngazi ya chini, akafariki mwaka 1865 bila kufikia uprofesa kamili. Wanaosoma neva bado wanalijua jina lake, kwa sababu nyuzi za neva zisizo na ala ya mafuta huitwa nyuzi za Remak. Katika sura ya seli ya kitabu nilichosomea, hayumo.