Bomba Lililopewa Magurudumu

Msomaji, ukipata kusimama juu ya daraja la Garissa na kuutazama mto Tana ukipita kwa wingi, utastaajabu kusikia kwamba soko la Mugdi, katika mji uo huo, limewahi kuteketea. Lakini mto hauendi sokoni. Maji hayana budi kuchukuliwa, tena upesi na kwa nguvu, na historia yote ya gari la zimamoto ni historia ya kazi hiyo. Liondolee rangi nyekundu, kengele na ngazi, nalo litabaki bomba tu lililopewa magurudumu.

Bomba lenyewe ni la kale, na lilibuniwa barani mwetu. Katika karne ya 3 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, Ctesibius wa Iskanderia nchini Misri, ambaye husimuliwa kuwa mwana wa kinyozi, aliunda bomba la kusukuma maji kwa pistoni. Karne nyingi zilipita ndipo Jan van der Heyden wa Amsterdam, yapata mwaka wa 1672, alipotengeneza mrija wa ngozi uliowawezesha watu kuufuata moto hadi ndani ya nyumba. Bomba la mvuke lilitokea London mwaka wa 1829. Kisha, mwaka wa 1904, kampuni ya Merryweather iliuundia mji wa Finchley, Uingereza, gari ambalo injini yake moja ya petroli iliendesha magurudumu njiani, na likisha kusimama iliendesha bomba. Gari hilo limehifadhiwa na Makumbusho ya Sayansi ya London.

Wako watu wapendao kuyafufua magari ya namna hii. Usidhani kwamba kazi yao ni kupaka rangi. Shaba hung'arishwa kwa siku moja. Taabu iko ndani, ambako ngozi za kuzibia zimekauka na mipira imepasuka. Mtihani hufanywa kando ya bwawa. Mrija wa kufyonzea hutumbukizwa majini, hewa iliyomo hutolewa, ndipo uzito wa hewa ya nje huyasukuma maji yakapanda. Ufa mwembamba kama unywele watosha: hewa hupenya, injini hunguruma, na maji hayaji. Hata bomba lililo zima kabisa haliwezi kufyonza maji yaliyo chini yake zaidi ya mita 10 hivi. Kwangu mimi, gari linalong'aa lisiloweza kutoa maji ni sanamu.

Huko Wajir hakuna mto. Watu na ngamia wao hutegemea visima. Gari la Finchley, hata kila msumari wake ungekuwa mahali pake, lingehangaika huko, kwa kuwa liliundiwa mji wenye mabomba ya maji barabarani. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilizikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto. Basi Garissa, Wajir na Mandera hazina budi kulitazama tangi kabla ya injini. Mrija ukitoa lita 500 kwa dakika, tangi la lita 5,000 huwa tupu baada ya dakika 10. Hapo dereva hugeuza gari kwenda kutafuta maji, na moto haumngoji.