Ugandishaji wa tope la majitaka

Ugandishaji wa tope la majitaka ni mbinu ya kutenganisha maji na yabisi kwa kuligandisha tope, kisha kuliyeyusha. Kwa kawaida tope bichi huwa na maji zaidi ya asilimia 95, na sehemu ya maji hayo hunaswa ndani ya mabonge laini ya bakteria na ute wao, hivyo huchujika kwa shida.

Barafu inapojijenga, fuwele zake hupokea molekuli za maji na kusukuma kando chembe na chumvi. Chembe hubanwa kati ya fuwele, mabonge hukamuliwa maji na baadhi ya seli hupasuka. Barafu ikiyeyuka, mabonge hayarudii umbo la awali. Hubaki punje zilizoshikamana mfano wa machicha ya kahawa, na maji hupenya upesi.

Kuganda polepole hufaa zaidi, kwani kuganda ghafla hunasa chembe ndani ya barafu. Katika nchi za baridi kama Kanada, tope humwagwa kwenye vitanda vya wazi, tabaka jembamba juu ya jingine lililokwisha kuganda. Maji yatokayo hubeba amonia na fosforasi, hivyo hurudishwa kwenye mtambo wa majitaka kusafishwa. Hata hivyo, mayai ya minyoo yaliyomo kwenye tope huweza kustahimili baridi hiyo.