Viungo vya Jikoni: Faida Zake kwa Afya, Kiasi Chake na Tahadhari Zake



Miongoni mwa neema alizotujaalia Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) visiwani kwetu ni viungo. Karafuu ilienea Unguja na Pemba katika karne ya 19, zama za Seyyid Said bin Sultan, na iliki, mdalasini, kungumanga, pilipili manga na manjano vyote vinaota katika mashamba yetu. Hakuna pilau, mchuzi wala chai ya maziwa inayokamilika bila ya viungo hivi.

Siku hizi, hata hivyo, simu zetu zimejaa ujumbe unaodai kuwa kiungo fulani kinaponyesha kisukari, presha au saratani. Wapo wagonjwa walioacha vidonge vyao kwa ajili ya maneno hayo. Kwa hiyo ni vyema kila familia ijue kiungo kinafaa nini, na mpaka wake ni upi.

Msingi wa kushika ni huu: kiungo kilichomo ndani ya chungu ni chakula. Kikinywewa kwa vijiko, kwa mafuta yaliyokamuliwa au kwa vidonge, kinaingia katika mlango wa dawa, na dawa ina kipimo chake.

Faida kubwa: kupunguza chumvi

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, pamoja na chumvi iliyomo katika mkate na vidonge vya mchuzi. Chumvi nyingi hupandisha presha, na presha huleta kiharusi na maradhi ya moyo na figo. Mchuzi uliotiwa thomu, tangawizi, uzile, giligilani na ndimu huwa na ladha ya kutosha kwa chumvi kidogo. Punguza chumvi kidogo kidogo, na baada ya wiki chache ulimi utazoea.

Kiungo kimoja kimoja

*Tangawizi.* Zanjabil imetajwa katika Suratul Insaan, aya ya 17, miongoni mwa vinywaji vya watu wa Peponi. Husaidia kutuliza kichefuchefu, kikiwemo kile cha miezi ya mwanzo ya ujauzito, na hupunguza tumbo kujaa. Kipande kidogo katika chai kinatosha. Ikizidi huleta kiungulia.

*Kitunguu thomu.* Kina kawaida ya kuteremsha presha na mafuta ya damu kwa kiasi kidogo. Kiponde, kisha kiache dakika 10 kabla ya kukitia motoni, kwani nguvu yake huzaliwa kinapopondwa, na moto wa haraka huizuia.

*Manjano.* Ndani yake mna kurkumini, ambayo hupunguza uvimbe wa mwili lakini haifyonzwi vizuri tumboni. Pilipili manga na mafuta kidogo huisaidia kuingia mwilini, na mchuzi wetu una vyote viwili. Ukiweza, nunua manjano mazima usage mwenyewe. Bangladesh wachunguzi walikuta unga wa manjano uliotiwa rangi yenye madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto.

*Mdalasini.* Huipa chai na uji utamu wa harufu, hivyo mtu hupunguza sukari. Ipo aina mbili. Ule wa Ceylon ni mwembamba, wenye tabaka nyingi na huvunjika kwa urahisi. Ule wa kasia ni mnene na mgumu, na una kumarini nyingi, ambayo ikitumiwa kwa wingi kila siku inaweza kudhuru ini.

*Karafuu.* Mafuta yake yana eujenoli, ambayo hutia ganzi, ndiyo maana hata madaktari wa meno huitumia. Karafuu moja kwenye jino linalouma hutuliza, lakini haizibi tundu, nenda ukatibiwe. Mafuta ya karafuu yasinywewe, na yawekwe mbali na watoto, kwani ni sumu kwa ini.

*Uwatu.* Una nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia katika damu. Mwenye kutumia dawa za kisukari awe mwangalifu asije akashuka sukari ghafla, na mjamzito asiutumie kwa wingi.

*Habasoda.* Hadithi yake ni mashuhuri, imepokewa na Bukhari na Muslim. Baadhi ya wanachuoni, akiwemo Al-Khattabi, wameeleza kuwa tamko lake ni la jumla lakini linakusudia maradhi mahususi. Basi hadithi hiyo haimfungulii mtu mlango wa kuacha tiba nyingine.

Hukumu ya kungumanga

Suali hili huulizwa sana. Kungumanga ikiliwa kwa wingi, mfano wa vijiko viwili vya chai vya unga wake, huweza kuleta kutapika, moyo kwenda mbio na mtu kuweweseka. Kwa sababu hiyo Ibn Hajar al-Haytami, katika wanachuoni wa Kishafii, aliihesabu miongoni mwa vinavyolevya. Ar-Ramli, naye wa madhehebu hayo hayo, aliruhusu kidogo kisichoathiri akili, kama kile kinachotiwa chakulani kwa ajili ya harufu. Wanachuoni wengi wa zama hizi wamefuata kauli hiyo. Kula nyingi kwa makusudi ya kulewa ni haramu bila ya shaka. Basibasi ni ganda la kokwa hiyo hiyo, na hukumu yake ni moja.

Nani achukue tahadhari zaidi

- Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, au anayesubiri operesheni: amwambie daktari iwapo anatumia thomu, tangawizi au manjano kwa wingi.
- Mwenye vidonda vya tumbo: apunguze pilipili.
- Mtoto mchanga: asinyweshwe dawa za viungo. Kabla ya miezi 6 maziwa ya mama yanamtosha.
- Mgonjwa wa presha au kisukari: asiache vidonge kwa sababu vipimo vimekuwa vizuri. Mara nyingi vimekuwa vizuri kwa sababu ya vidonge hivyo.

Kuhifadhi

Nunua vizima, saga kidogo kidogo, weka katika chupa iliyofungwa vizuri, mbali na jua na moto. Kiungo kilichoota ukungu kitupwe. Kukiosha na kukianika tena hakuondoi sumu yake.

Kutafuta tiba hakupingani na kumtegemea Allah. Mwenye kupika kwa viungo na akameza dawa yake kwa wakati amezishika sababu zote mbili, na uponyaji unatoka kwa Allah peke yake.

Wallaahu a'lam.