Datsun ya mzee wa Kampala na matairi yaliyolika upande

Najua nimekuwa kimya karibu miezi miwili, na mama keshanilalamikia kwenye simu. Sababu ni gari, na wala si langu.

Hapa Scarborough, mashariki ya Toronto, jirani yangu ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Kampala. Nikimwamkia shikamoo, anaitikia marahaba kama mtu wa Tanga. Ndani ya gereji yake kuna Datsun 240Z ya mwaka 1972, viti viwili tu, bodi ndefu kama mdomo wa papa. Mwaka jana alilipeleka kwa mafundi fulani, wakalishusha chini na kulifunga vifaa vya kurekebishika ili lipendeze. Lilipendeza kweli. Lakini kabla kiangazi hakijaisha matairi yalikuwa vipara upande wa ndani, na siku moja ya mvua, kwenye Don Valley Parkway, likamvuta likaingia njia ya jirani. Binti yake akakata shauri: litengenezwe mpaka afikapo mwezi wa sita, au liuzwe.

Nikamwambia mzee nitamsaidia. Nyie mnajua kwa nini. Baba alikuwa akitusimulia alivyokuwa mtoto pale Mombo, kwenye njia panda ya Lushoto, akisubiri magari ya Safari yapite na vumbi lake.

Kwa vijana ambao hawajui: mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tangu 1960 yaliitwa East African Safari, na yalikuwa ya Pasaka, wakati wa mvua, ili tope liwe tope kwelikweli. Mwaka 1971 Datsun 240Z ilishika nafasi ya kwanza na ya pili. Ya kwanza iliendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller. Ya pili iliendeshwa na Shekhar Mehta, kijana wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa Kampala kama mzee wangu.

Mwezi wa nane mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Mehta na familia yake wakahamia Kenya. Canada ilipeleka ndege za kukodi. Ya kwanza ilitua Montreal tarehe 28 Septemba 1972, na kabla mwaka haujaisha zilikuwa zimeleta watu zaidi ya 4,000. Mzee alikuwa mmoja wao, ana miaka 19 na sanduku moja.

Pasaka iliyofuata, mwaka 1973, Mehta akashinda Safari kwa 240Z, msaidizi wake akiwa Lofty Drews. Baada ya maelfu ya kilomita alikuwa sawa kwa pointi na Harry Källström wa Sweden, naye alikuwa kwenye Datsun pia. Wakampa Mehta kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akafariki London mwaka 2006. Mzee anasema habari ya ushindi ule ilimfikia akiwa anaosha vyombo hotelini. Miaka mitano baadaye akanunua hili gari, mtumba.

Sasa tuingie chini ya gari. Fundi wa alaimenti hupima mambo matatu. Kemba ni kulala kwa tairi: ukisimama mbele ya gari, je, limesimama wima au limeinamisha kichwa ndani? Tou ni kama nyayo za mtu anayetembea, vidole vinaelekea ndani au nje. Kasta ni kule kuegemea nyuma kwa mhimili ambao gurudumu la mbele hukatia kona. Ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona.

240Z ilivyotoka kiwandani ina kitu kimoja tu cha kurekebisha: tou ya mbele. Mengine yote ni chuma na mpira vilivyofungwa mahali pake. Kila gurudumu linashikwa na nguzo ya shokapu juu na mkono mmoja chini, mtindo uliobuniwa na Earle MacPherson, ambao Ford waliuingiza sokoni Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ni rahisi na mwepesi. Lakini ukishusha bodi, ule mkono wa chini unabadili pembe, vichwa vya matairi vinainama ndani, na tou nayo inahama. Hapo ndipo unahitaji mikono yenye nyuzi na vikombe vya juu vinavyosogezwa. Wale mafundi walivifunga vyote, ila nyuma hawakupima kabisa! Kifaa cha kurekebishika hakijirekebishi chenyewe, jamani.

Tulipopima, matairi ya nyuma yalikuwa yamelala zaidi ya nyuzi 3, na kila moja limeelekea nje milimita 3. Inaonekana ndogo. Piga hesabu: tairi la kipenyo cha sentimita 63 likipinda hivyo linaburuzwa kando karibu mita 5 kwa kila kilomita. Ndiyo maana yaliliwa, na ndiyo maana kwenye maji gari lilitafuta njia yake lenyewe.

Mzee alitaka turudi kwenye akili ya Safari. Magari yale yaliinuliwa ili gurudumu lipate nafasi ya kupanda na kushuka. Barabara za Toronto si murram, lakini kila baada ya baridi lami inapasuka na mashimo yanafunguka. Tukaliinua sentimita 4, tukarudisha bushi za mpira, kemba tukaiacha karibu nyuzi 1, nyuma vidole vikaelekea ndani milimita 1. Mzee aliketi kwenye kiti cha dereva muda wote tukipima, maana uzito wake nao unabadili vipimo. Alisinzia.

Jumamosi iliyopita tulipanda Don Valley Parkway, mvua inanyesha. Karibu na Eglinton alilegeza vidole kwenye usukani, gari likakaa kwenye mstari wake. Hakusema kitu, akawasha tu kiashiria tutoke.

Tuliporudi binti alikuwa mlangoni na tochi. Akachuchumaa, akapitisha kidole upande wa ndani wa kila tairi, yote manne, kisha akaingia ndani kutengeneza chai. Mwezi wa sita bado wiki tatu. Msalimieni baba, mwambieni nitampigia Jumapili.