Redio haijafa: historia fupi ya lawama kwa simu ya upepo

Redio koli za bei rahisi zina sifa mbaya. Mlinzi wa geti akibonyeza na kuita mara tatu bila kujibiwa, hukumu inatolewa papo hapo: imekufa, ya bei chee hiyo. Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Redio inarusha na kupokea vizuri tu, ila yeye na mwenzake hawajakubaliana kwenye mipangilio.

Ukifuatilia historia ya simu ya upepo ya mkononi, utaona kwamba hitilafu imekuwa ikihama. Zamani ilikaa kwenye mwili wa redio: betri, unyevu, waya uliokatika. Siku hizi inakaa zaidi kwenye namba zilizoandikwa ndani yake. Anayeitafuta pale pa zamani anaikosa, na kuna siku ilikosekana wakati roho za watu zilikuwa zinategemea ipatikane.

Kristali moja, chaneli moja

Mwishoni mwa miaka ya 1930 watu kadhaa walikuwa wanahangaika na wazo lilelile, kila mmoja kivyake. Huko Kanada, mwaka 1937, Donald Hings alitengeneza redio ya kubebeka kwa ajili ya kampuni ya madini iliyokuwa na watu porini. Marekani, Al Gross alikuwa na ya kwake mwaka 1938. Lakini iliyotengenezwa kwa wingi na kushikwa kwa mkono mmoja ni SCR-536 ya kampuni ya Galvin ya Chicago, kampuni ambayo mwaka 1947 ilibadili jina ikawa Motorola.

SCR-536 ilikuwa na uzito wa kama kilo 2.3. Ndani yake kulikuwa na vali 5, vile vichupa vya kioo vilivyofanya kazi kabla ya ujio wa transista. Haikuwa na swichi ya kuwashia: ukivuta antena inawaka, ukiirudisha inazima. Ilikula betri mbili, moja ya volti 1.5 ya kupasha moto nyuzi za vali na nyingine ya volti 103.5 ya kuziendesha. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, askari wa Marekani walishuka nayo ufukweni Normandy mwaka 1944.

Sasa tazama upande wa chaneli. Kila redio ilikuwa na moja tu, na iliamuliwa na kristali ya kwatzi, yaani kipande chembamba cha jiwe kinachotetemeka kwa kasi ileile kila kikipewa umeme. Kubadilisha masafa ilibidi fundi afungue boksi, atoe kristali, aweke nyingine na kurekebisha koili. Askari aliye mstari wa mbele hakuwa na kitufe cha kukosea. Kwa hiyo redio ikinyamaza, ilikuwa sawa kabisa kuanza na betri, maji na vali.

Dada yake SCR-300 ilibebwa mgongoni, na hiyo ndiyo iliyoitwa woki-toki hasa. Ilitumia FM, ambayo haisumbuliwi sana na mikwaruzo, na ilikuwa na chaneli 41 za kuchagua kwa kuzungusha kirungu. Hapo mtumiaji akapata uhuru, na penye uhuru wa kuchagua pana nafasi ya kuchagua vibaya.

Ukimya wenye maana mbili

Baada ya vita, redio zikaingia kwenye teksi, viwanda na vikosi vya zimamoto. Masafa hayakutosha, ikabidi watu tofauti wagawane chaneli moja. Kusikiliza maongezi ya wengine kutwa nzima kunachosha, hivyo katika miaka ya 1950 Motorola ikaleta ujanja: chini ya sauti ya msemaji, redio inarusha toni nzito ambayo spika haikupi. Redio ya mwenzako inafungua spika pale tu inapoitambua toni hiyo. Toni zinazotumika leo ziko kati ya Hz 67 na Hz 254 hivi.

Ni kama bawabu anayefungua mlango kwa neno la siri, ila siri yenyewe haipo. Yeyote asiyeweka toni upande wa kupokea anawasikia wote. Kilichobadilika kweli ni maana ya ukimya. Kabla ya hapo, redio iliyo kimya ilimaanisha hakuna mawimbi yanayofika, au redio ni mbovu. Sasa inaweza kuwa inapokea kila kitu bila tatizo na imekataa tu kukufungulia.

Kitufe cha pili

Mfano mzito kuliko yote ninaoufahamu unatoka New York, na redio zake hazikuwa za bei rahisi hata kidogo.

Mwaka 1993 bomu lililipuliwa chini ya majengo ya World Trade Center, na wazimamoto wakagundua kwamba redio zao za mkononi hazisikiki vizuri kwenye maghorofa marefu. Mwaka uliofuata kikafungwa kirudufishi, yaani mtambo unaopokea mawimbi dhaifu ya redio ya mkononi na kuyarusha upya kwa nguvu. Baadaye meza za kukiwashia zikawekwa ukumbi wa chini wa kila mnara.

Tarehe 11 Septemba 2001, mnara wa kaskazini uligongwa saa 2:46 asubuhi. Kirudufishi kiliwashwa dakika chache baadaye. Kumbe kulikuwa na kitufe cha pili: ili mkono wa simu pale mezani uweze kurusha, nacho kilitakiwa kubonyezwa. Hakikubonyezwa. Kama saa 3:05 wakuu wa zimamoto walifanya jaribio. Aliyeshika mkono wa simu hakusikika. Yeye naye hakumsikia mwenzake aliyekuwa akiita kwa redio ya mkononi, na ripoti ya tume ya uchunguzi inasema huenda sauti ya meza ile ilikuwa imepunguzwa. Wakahitimisha kwamba kirudufishi ni kibovu, wakahamia chaneli nyingine.

Tume iligundua kwamba walau kwa redio za mkononi kilikuwa kinafanya kazi. Katika mnara wa kusini wazimamoto walikitumia, na mkuu mmoja aliweza kuwasiliana na wenzake akiwa amepanda hadi ghorofa ya 78. Wazimamoto 343 walikufa siku hiyo. Tume yenyewe ilitahadharisha kwamba redio hazikuwa sababu kuu ya vifo vingi katika mnara wa kaskazini, na tuiheshimu tahadhari hiyo. Lakini somo la kifundi linabaki: jaribio lilipita kwenye sehemu moja iliyokuwa na kasoro, na hukumu ikaangukia mfumo mzima. Redio mbili za mkononi zingepimwa zenyewe kwa zenyewe kupitia chaneli ile, jibu lingekuwa tofauti. Si rahisi kufikiria hivyo jengo likiwaka juu yako. Ndiyo maana utaratibu wa kupima hufundishwa kabla ya siku yenyewe.

Chipu moja, makosa mengi

Vali zilipisha transista, iliyozaliwa katika maabara za Bell mwaka 1947. Transista nazo zikakusanywa kwenye chipu. Mwaka 2012 kampuni ya Baofeng ya China ilileta UV-5R, ambayo imetumia chipu iliyobeba karibu kazi yote ya kupokea na kuandaa mawimbi. Koili na vichujio vingi vilivyokuwa vinarekebishwa kwa mkono havikuhitajika tena, na bei ikashuka hadi makumi machache ya dola.

Urahisi huo una gharama. Vipimo vya maabara ya ARRL, chama cha waendesha redio wa ridhaa Marekani, vimeonyesha baadhi ya redio za kundi hili zikitoa mawimbi ya ziada kupita kiwango, na kipokezi chake huzidiwa kirahisi na mitambo yenye nguvu iliyo jirani. Ila kwa mtumiaji wa kawaida tatizo kubwa ni menyu. Masafa, toni ya kurusha, toni ya kupokea, upana wa chaneli, kiwango cha skwelchi (ule mlango unaozuia mkwaruzo usipite): vyote vinabadilishwa kwa vidole, wakati mwingine bila mtu kujua.

Ukiishika iliyo kimya

Nenda kwa mpangilio huu:

1. Tafuta redio ya tatu. Ukiwa na mbili tu huwezi kujua mgonjwa ni ipi. Simameni mbali kidogo, maana zikikaribiana sana kipokezi kinazibwa na nguvu ya jirani.
2. Tenganisha kurusha na kupokea. Redio inaweza kuwa nzima upande mmoja na kiziwi upande wa pili. Pima pande zote mbili.
3. Fungua skwelchi kwa kitufe chake. Ukisikia mkwaruzo, spika ni nzima. Mwenzako akiita huku umekibonyeza na ukamsikia, shuku toni ya kupokea.
4. Linganisha upana wa chaneli. Mmoja akiwa kwenye kHz 25 na mwingine kHz 12.5, sauti hutoka ndogo au yenye kuchanika.
5. Betri. Inapokea vizuri lakini ukibonyeza kuongea inazima? Kurusha wati 4 hunyonya zaidi ya ampea 1, kupokea ni kidogo sana. Betri iliyochoka hudanganya mpaka ipewe mzigo.
6. Antena na mahali. Kwa mtu aliyeshika redio usawa wa mita 1.5, upeo wa macho uko kama kilomita 4.4 kwenye tambarare tupu. Mjini kuta hukata sana hapo. Panda juu kabla ya kununua nyingine.

Jambo la mwisho ni sheria. Redio hizi zinaweza kurusha hata kwenye masafa ya polisi au uokoaji, na kukosea namba moja kunaweza kumziba mtu aliye kwenye dharura. Tanzania masafa yanasimamiwa na TCRA, Kenya ni CA. Uliza kwanza unaruhusiwa wapi, kisha andika mipangilio ya kundi lenu kwenye karatasi na kila mmoja awe na nakala: masafa, toni zote mbili na upana. Siku redio itakaponyamaza, anzeni kwa kulinganisha hiyo karatasi.